Neno la Kwenye Foronya

Mimi si mtu wa kusamehe upesi. Nasema mapema, ili anayetafuta kisa cha mwanamke mpole aende akatafute kwingine. Ya mwaka wa tisini na nne sitayaandika hapa. Yale yana uzito wake, na hasira yangu hii ya barazani haina haki ya kukaa nayo mkeka mmoja. Hii ni ya nyuma kidogo, tuseme tisini na moja hadi tisini na tatu, wakati vita viko kaskazini na sisi huku Kigali tunaendelea kuoana, kushona na kugombana kama kawaida yetu.

Tulikaa Nyakabanda, mimi na mama. Baba alishafariki. Babu yake mama alifika huku na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa, hakurudi tena, ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili hakikuwa cha sokoni tu, tulikila na kukilalia. Kazi yetu ilikuwa kudarizi. Vitambaa vya viti, vitambaa vya meza, na zaidi ya yote mashuka na foronya za maharusi. Bibi harusi wa Kiislamu wa Kigali siku zile hakwenda kwa mume bila seti yake ya kudariziwa, hata kama baba yake alikuwa msukuma mkokoteni. Na waliotaka kazi safi walikuja kwetu. Sijisifu, ulizeni.

Yeye niliyemkasirikia alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari. Mjini, kila aliyetaka aonekane amesoma alipiga Kifaransa, mpaka wauza mkaa walikuwa na "bonjour" yao. Kijana huyu yeye alikwenda na Kiingereza, alichokipata kwa wajomba zake Tanzania, na alikibeba kama mtu aliyebeba yai. Alivaa miwani. Alikuja mara ya kwanza kushonewa kola ya shati, akaja tena kwa kola ileile, na mara ya tatu mama akaniambia, "Huyu hana shida ya kola." Wazee wake wakaleta posa, baba yangu mdogo akawapokea, kishika uchumba kikatolewa, ikawa nimeposwa na mtaa mzima unajua.

Alasiri alikuwa anakuja baada ya vipindi, anakaa kwenye kigoda pale barazani, mama yuko ndani na mlango wazi. Mimi nakanyaga cherehani, yeye ananifundisha maneno. Mengi nimeyasahau. Moja sikulisahau.

"Kiswahili kina hamu," aliniambia siku hiyo, "kina shauku, kina kiu, kina uchu. Kinyarwanda kina urukumbuzi. Lakini Waingereza wana hili." Akalitamka taratibu, midomo mbele, kama anapuliza chai ya moto: "yearning."

"Basi mimi nina yearning ya mandazi," nikamwambia.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Hapana, bibie! Mandazi yako kwa jirani, unakwenda unanunua. Hiyo ni njaa tu. Hili ni la kitu kilicho mbali, ambacho huenda usikipate. Na wewe unajua huenda usikipate, ila moyo umekataa kusikia. Mama na mwanawe aliyekwenda asirudi. Mfungwa na nyumba yake. Mtu aliyefukuzwa kwao." Hapo akashusha sauti, maana siku zile habari za watu waliofukuzwa kwao hazikusemwa barabarani hivi hivi.

"Na ukikipata?"

"Ukikipata, limekwisha. Linabaki neno tu."

Nililipenda, nisiseme uongo. Nilikuwa na hamu nyingi maishani, za nguo, za nyama, za kwenda kuona bahari ambayo babu aliiacha, lakini hakuna aliyewahi kunikalisha akanieleza kwamba kutaka kwenyewe kuna ngazi zake. Hamu unaituliza. Tamaa unaionea haya. Hii nyingine unakaa nayo kama mgeni asiyeaga, unampikia kila siku. Nilikuwa nakanyaga cherehani huku nalitafuna kimyakimya, nikifika mwisho wa shuka nalianza tena.

Siku moja akasema, "Kwenye foronya zetu udarizi neno hilo."

"Si umeniambia tukishapata limekwisha?"

"Ndiyo maana tutalilalia," akasema. "Tulikandamize kwa vichwa."

Jamani, nani angekataa? Nikanunua pamba nyeupe nzito, si ile nyembamba ya Wahindi inayoonyesha godoro. Nikachora kwa karatasi ya kaboni, herufi zenye mikia, na maua ya mkarafuu kuzunguka, maua ambayo sijawahi kuyaona kwa macho, mama ndiye aliyeyajua kutoka kwa babu yake. Kudarizi kwa cherehani unaondoa kile kiguu kinachokandamiza kitambaa, unakibana kitambaa kwenye duara la mbao, halafu unakisogeza mwenyewe kwa viganja chini ya sindano inayoruka. Ukiwaza jambo jingine sindano inakula kidole. Neno lile halikunitoboa hata mara moja, kwa jinsi nilivyokuwa nimelikodolea macho. Foronya nne, mashuka mawili. Nikayafua, nikayapiga pasi ya mkaa, nikayalaza kwenye sanduku la bati na karafuu za kufukuza wadudu.

Halafu akavunja uchumba.

Hakuja mwenyewe. Ebo, angekujaje! Alimtuma baba yake mkubwa, mzee wa watu, akakaa na chai yetu mkononi akasema kijana ana mambo ya masomo, hapendi kumfunga binti wa watu, kila jambo lina heri yake. Baba mdogo akamrudishia kishika uchumba chake. Mama alimsindikiza mzee hadi njiani, akarudi, akaosha kile kikombe mara mbili.

Ningeweza kuyameza hayo. Wangapi wameachwa? Lakini Kigali haikosi mdomo. Jirani yetu wa mandazi alikuwa na binamu yake mpishi pale shuleni, na binamu alisikia kwa masikio yake mwalimu akiwaambia wenzake chumba cha walimu: "Nitakaaje na mke anayenuka mafuta ya cherehani?" Wakacheka. Jirani alinisimulia akiwa ameshika kiuno, kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonichoma zaidi. Ndani ya wiki moja kila mwanamke aliyekuja kuchukua kitambaa alivuta pumzi kidogo kabla ya kunisalimu. Labda nilijidhania tu. Sijali. Nilimchukia kwa kila pua iliyokuwa mtaani.

"Mwachie Mungu," mama akasema.

"Mungu ana kazi nyingi, mama. Hii ndogo nitaifanya mimi."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Nitajua kutoka."

Basi nikakaa na hasira yangu mwaka mzima na zaidi. Sikupiga kelele, sikwenda kwa mganga, sikumtukana njiani. Nilipomwona upande ule wa barabara nilimwitikia salamu kama ninavyomwitikia yeyote. Watu wakasema, mtoto wa watu ana moyo mkubwa. Thubutu! Nilikuwa nangoja tu, kama paka anavyongoja mlangoni kwa panya, na sikujua nangoja nini.

Ndipo siku moja, adhuhuri, likaja lile shangazi la Kabeza. Nasema "lile" kwa mapenzi, alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti. Kaka yake alikuwa na duka huko Kabeza, njia ya uwanja wa ndege. Kiswahili alikuwa amekikuta ukubwani, kwa mume.

"Fundi," akasema akijitupa kwenye kigoda, "minasikia wewe ndiyo iko na mukono muzuri kupita bote. Nataka mashuka ya mutoto ya kaka yangu. Harusi iko karibu sana, tumechelewa, yewe, tutaaibika!"

"Hongera, shangazi. Bwana harusi ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa kwenu! Mwalimu. Anajua Kingereza kama muzungu. Mwenye malunette." Akachora miwani hewani kwa vidole viwili.

Mguu wangu ulisimama juu ya kanyagio. Nilisikia damu ikinipanda mpaka masikioni, na juu ya damu ile, wallahi, nilisikia furaha. Sikuhitaji hata kufikiri.

"Kwa muda huo sitaweza kudarizi upya," nikamwambia. "Lakini nina seti iliyo tayari. Mwenyewe hakuja kuichukua."

Nikaingia ndani, nikafungua sanduku la bati. Mama alikuwa anachambua mchele. Alinitazama nikipita na mashuka mkononi, akauweka ungo chini. Shangazi alipoyaona alipiga kofi moja kubwa. Akapitisha kidole juu ya herufi. "Hii iko neno gani?"

"Ni la Kiingereza, shangazi. Bwana harusi atalijua."

"Eh! Atafurahi!"

"Sana," nikasema.

Asiyezijua desturi zetu hataona nilichokuwa nimekishika, kwa hiyo nieleze. Kitanda cha harusi hutandikwa na upande wa mke, alasiri, bwana harusi hayupo. Anachokikuta juu yake anakikuta usiku ule. Na kikishatandikwa hakitolewi siku saba, ndiyo fungate. Kukitoa ni kuwatukana wakwe, ni kusema kitanda chao kichafu. Siku ya saba wazee wa mke huja na chakula, wanakula, wanamwuliza binti mbele ya watu kama amepata amani. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa rahisi: ataingia chumbani, ataona neno lake mwenyewe, kwa mkono wangu, kwenye mto wake. Hatathubutu kulieleza. Hatathubutu kuliondoa. Atalaza shavu juu yake usiku baada ya usiku kama mtu aliyelala juu ya siafu, na mkewe pembeni anamwuliza una nini. Nilitaka akonde. Nilitaka siku ya saba atoke nje na macho mekundu, anione nimekaa mkekani nakula pilau, kwa sababu fundi naye hualikwa siku ya saba, apewe sahani yake na doti ya kanga ya shukrani.

Kutandika nilikwenda mwenyewe, Niboye, kwenye nyumba aliyoipanga mwalimu. Shangazi na wanawake wa Kabeza wakiimba, mimi nikivuta pembe za shuka. Nilipanga foronya, neno juu. Niliikunjua mikunjo kwa kiganja, polepole, na kuna mwanamke mmoja akasema, "Tazama fundi anavyoipenda kazi yake." Nikatabasamu. Kisha nikatoka kwa mlango wa jikoni kabla wanaume hawajafika.

Siku zile saba sikushona sawasawa. Niliharibu kitambaa cha meza cha mtu. Nilikuwa namwona saa zote, anageuka, anauficha mto, anauweka chini, anauokota tena kwa kuogopa wakwe. Nilicheka peke yangu. Mama akaniambia nikapime malaria.

Siku ya saba tukaenda Niboye, mimi na watu wa Kabeza, sufuria zimefungwa kwa vitambaa. Wanaume walikaa sebuleni na wanawake kwenye mkeka upande wa pili, mlango wa katikati wazi. Walimu wenzake wanne watano walikuwapo, na mashati yao ya mikono mirefu. Na yeye akatoka.

Alikuwa amenenepa. Ndiyo, kwa siku saba! Uso unang'aa, miwani inang'aa, anapokea mikono ya wazee kama waziri. Aliponiona alisimama kidogo, kisha akatabasamu, tabasamu la mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Fundi," akasema, "tumelala vizuri, tunakushukuru." Nyuma yake walimu wakabana kicheko.

Sikuelewa. Nakwambia sikuelewa kabisa, mpaka baba yake binti, mzee wa duka, mtu mtaratibu mwenye kofia ya kudariziwa, alipomaliza kula akanawa mikono na kusema, "Mwalimu, wanawake wamenisifia mno hizo foronya. Hilo neno lina maana gani?"

Angeweza kusema "karibu." Angeweza kusema "baraka." Nani pale angejua? Lakini wenzake walikuwa wanamkonyeza, na mmoja akasema, "Mweleze mzee, bwana!" na yeye alikuwa mtu wa kupenda kuonekana anapendwa.

"Mzee," akasema, "ni neno la mtu anayemlilia aliyemkosa. Huyu fundi wetu nilipata kumposa zamani. Bado inamuuma, maskini. Ndiyo ameamua kunidarizia moyo wake kwenye mto!"

Walimu wakacheka. Mimi nilikuwa na tonge mkononi. Niliona aibu ikinishuka kutoka utosini hadi miguuni, moto mtupu, kwa sababu palepale nililiona nililokuwa sijaliona mwaka mzima. Neno halikusema hamu yake yeye, lilisema yangu. Aliyelitia ni mimi. Nilitaka kumpelekea mwiba, nikampelekea salamu. Wiki nzima alikuwa amelilalia akijisikia mfalme, na asubuhi anawasimulia wenzake. Mama alisema kisima. Kile kisima nilikuwa nimefika chini yake.

Ila yeye naye hakuangalia anapokanyaga. Mzee wa Kabeza hakucheka. Alikausha mikono yake kwa makini, kidole kimoja kimoja. "Ulipata kumposa," akasema.

"Zamani, mzee. Mambo ya utoto."

"Mlipoleta posa kwangu niliuliza kama kijana amefunga uchumba mahali. Baba yako mkubwa, mbele yangu, akasema hajawahi kufunga popote."

Walimu waliacha kucheka, mmoja akaanza kutafuta viatu vyake.

"Na mwanangu," mzee akaendelea, bila kupandisha sauti, "amelala siku saba juu ya kilio cha mwanamke mwingine, na wewe ulijua, na uliona inachekesha." Akamgeukia dada yake. "Mchukue mtoto. Tunarudi naye. Kama fundi atakuja kwangu akashika msahafu akaapa kwamba hakuwa na mtu huyu moyoni alipolidarizi neno hilo, basi ni ujinga wa kijana, nitamrudishia mke wake. Kama hawezi, kijana ataandika talaka."

Shangazi alikuwa amekwisha kusimama. Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Fundi, ulinifanyia nini?"

Siku mbili baadaye alikuja barazani. Mwalimu. Mchana kweupe, shati halijapigwa pasi. Nilikuwa natia mafuta cherehani. Sikumwambia kaa. Nilitia tone hapa, tone pale, nikafuta, nikanusa vidole mbele yake. Nilichukua muda wangu.

"Dada yangu," akaanza.

"Tangu lini?"

"Naomba unisikilize. Useme tu ilikuwa nguo ya biashara. Neno uliliona mahali, ukalipenda kwa herufi zake. Kwamba mimi hukunifikiria. Ni sentensi moja."

"Ulifundisha vizuri," nikamwambia. "Kwa nini sasa unataka nisilijue?"

"Nilikukosea. Nitasema mbele ya watu wote nilikukosea. Nampenda yule binti, unaelewa? Sijui nilikuwa nafanya nini. Sili." Na kweli, zile nyama za fungate zilikuwa zimeanza kumtoka. "Nakuomba. Sentensi moja."

Nilimtazama anavyoning'inia kwenye mdomo wangu, na nikawaza, hivi ndivyo nilivyotaka uwe. Hasa hivi. Nikamwambia nitakwenda Kabeza Ijumaa baada ya sala. Alichukua hiyo kuwa ni ndiyo. Alinishukuru mpaka akagonga kichwa kwenye bati la baraza akitoka.

Ijumaa nikatawadha, nikavaa buibui langu zuri, nikaenda. Njiani pale kwenye kizuizi askari aliniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia kuapa. Akacheka akanirudishia kitambulisho.

Walikuwa wameniwekea mkeka. Mzee wa duka, shehe mmoja mtu mzima, shangazi, na yeye mwalimu ameketi karibu na mlango na baba yake mkubwa. Binti alikuwa chumba cha pili. Kabla sijaingia alikuwa amenivuta uani kwa pembe ya buibui. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona uso wake hasa, maana bibi harusi wa fungate hufunikwa. Mtoto mdogo, macho yamevimba.

"Dada," akaninong'oneza, "kila mtu hapa anataka useme jambo lake. Mimi nataka lililo kweli. Mimi ndiye nitakayelala naye."

Hapo ndipo nilipoyumba. Sikuwa nimemhesabu yule mtoto. Katika hasira yangu yote alikuwa ni kichwa cha pili kwenye mto, basi. Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na vidole vya hina, na mimi ndiye niliyemtandikia. Ningesema hapana, angerudi Niboye kwa mtu anayecheka. Ningesema ndiyo, angebaki kwa baba yake na jina la aliyeachwa kabla hina haijatoka. Nililijua jina hilo. Nilikuwa nalivaa.

Nikaingia, nikakaa. Shehe akauweka mkono wangu juu ya msahafu.

"Binti yangu," akasema, "ulipoidarizi nguo hii, mtu huyu alikuwa moyoni mwako?"

Mwalimu aliinua uso. Alikuwa na tumaini lililoenea uso mzima, tumaini la mtoto wa shule aliyejua jibu.

Nilikuwa na sentensi yangu tayari tangu Nyakabanda. Niliipanga iwe kali, ndefu, niitupe kama maji ya ukoko. Lakini mkono ulipogusa kile kitabu zikabaki zile za kweli tu, na za kweli zilikuwa mbaya kuliko nilizozipanga.

"Alikuwamo," nikasema. "Kila mshono. Na aliponiacha alikuwamo. Na siku nilipotandika kitanda kile kwa mikono hii alikuwamo bado, ndiyo maana nilitaka aumie. Neno lile ni langu. Alinifundisha yeye, akanieleza na linavyotumika. Nimelitumia sawasawa."

Baba yake mkubwa alisema "Astaghfirullah." Mwalimu alifunika uso kwa viganja, miwani na yote, mabega yakaanza kucheza, na mzee wa duka akamsukumia karatasi na kalamu, taratibu, kama mtu anayempa mteja chenji. Shangazi alikuwa analia. Pazia la chumba cha pili lilisogea kidogo, likarudi. Nilivaa viatu vyangu.

Wapo wanaosema kisasi hakina utamu. Hao hawajalipiza. Njia nzima ya kurudi niliusikia utamu wake mdomoni, mzito, nikapishana na watu wanaotoka msikitini na sokoni bila kuwaona. Nilikuwa nimesema mapenzi yangu yote hadharani, aibu yote nimejivika mwenyewe mbele ya shehe, na ningerudia kesho yake asubuhi, kwa sababu aliyelia alikuwa yeye.

Mama alikuwa ananingoja barazani. Hakuniuliza niliapa nini, nadhani aliusoma uso. Alinivua buibui, akalikunja, akaniwekea chai.

"Sasa umepoa?" akaniuliza.

Nikamjibu nimepoa kabisa. Siku ile nzima, huo ndio uongo pekee niliousema.